William Penn: dini moyoni, hati mkononi

Kila tukizungumza habari za ardhi hapa Pwani, nasikia watu wakibishana: Waingereza walitoka kwao kutawala nchi za watu kwa ajili ya dini au kwa ajili ya mali? Mimi naona maisha ya William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania huko Marekani, yanajibu vizuri. Yeye vyote viwili alivibeba pamoja, tena kwa nia njema.

Penn alizaliwa London mwaka 1644, mtoto wa amirali. Alisoma Oxford, akafukuzwa kwa kukataa taratibu za ibada za kanisa la serikali. Mwaka 1667, akiwa Ireland kusimamia mashamba ya babake, alijiunga na Marafiki, wale waitwao Quaker. Hawa walikuwa hawaapi, hawapigani vita, wala hawamvulii mtu kofia, hata awe mfalme. Maelfu yao walitiwa jela. Penn mwenyewe alifungwa zaidi ya mara moja, ikiwemo ndani ya ngome ya Tower of London.

Babake alifariki mwaka 1670, huku Mfalme Charles wa Pili akidaiwa na familia hiyo kiasi cha pauni 16,000. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mfalme hakulipa kwa fedha. Tarehe 4 Machi 1681 alimpa Penn hati ya eneo la ng'ambo ya Atlantiki, zaidi ya maili mraba 40,000. Kwa mwaka, Penn alitakiwa kumpelekea ngozi mbili za biva, mnyama wa mtoni, pamoja na sehemu moja ya tano ya dhahabu na fedha zitakazochimbwa. Walenape, wenyeji wa nchi hiyo, hawakuulizwa.

Penn aliitaka nchi hiyo iwe kimbilio la walioteswa kwa imani zao. Pia aliitaka imlipe. Alitoa matangazo yaliyotafsiriwa kwa Kiholanzi na Kijerumani, akauza ekari 5,000 kwa pauni 100, na juu yake kodi ya kila mwaka. Mwaka 1682 alifika mwenyewe kwa meli iitwayo Welcome, baada ya ndui kuua abiria kama 30 safarini.

Haki yake nampa. Ingawa hati ya mfalme alikuwa nayo, alikaa na Walenape, akajifunza kiasi cha lugha yao, akanunua ardhi kwao kwa makubaliano. Uhai wake wote hapakuzuka vita baina yao. Hata hivyo, shambani kwake Pennsbury walifanya kazi watumwa, ilhali baadhi ya Marafiki wa Germantown walishaandika kupinga utumwa tangu 1688.

Na faida aliyoitarajia hakuiona. Mwaka 1708 alitiwa jela ya wadaiwa London. Aliyefungwa ujanani kwa dini, uzeeni alifungwa kwa deni. Alikufa mwaka 1718, na Pennsylvania ikabaki mali ya familia.

Mwaka 1737 wanawe, John na Thomas, walitoa karatasi waliyodai ni ya zamani, kwamba Walenape walikubali kuachia ardhi kadiri mtu awezavyo kutembea kwa siku moja na nusu. Wakaajiri watu wenye mbio, njia ikafyekwa mapema. Walenape wakapoteza kama maili mraba 1,200.

Hapo ndipo penye funzo. Wema wa Penn ulizikwa naye, hati ikarithiwa. Nasi hati za namna hiyo twazijua: Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa yake London mwaka 1888. Kwa hivyo akija kiongozi, mhisani au mwekezaji mcha Mungu, akatuahidi kwamba hatatufukuza kwenye mashamba tuliyozaliwa, mimi imani yake siitilii shaka. Namtaka tu aiandike ahadi hiyo, tena kwa namna itakayowafunga na watoto wake.