Mzee wa Nyeri Aliyeanza Kazi Wakati wa Kustaafu

Ukifika Nyeri mjini na kuuliza njia ya kanisa la Mtakatifu Petro, utaelekezwa bila taabu. Katika makaburi ya kanisa hilo la Kianglikana kuna kaburi moja linaloelekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati. Mgeni atadhani ni pambo tu, lakini mtoto wa Skauti anaijua alama hiyo. Ni ile ambayo wafuata nyayo huiacha njiani kuwajulisha wenzao kwamba aliyetangulia amemaliza safari, amekwenda nyumbani.

Hapo amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari aliyozaliwa, maskauti wa Kenya humiminika Nyeri na skafu zao shingoni kumkumbuka. Wazazi wengi huwatolea watoto nauli ya safari hiyo bila kujua wanakwenda kumkumbuka nani. Kwa hiyo nimeona vyema nieleze maisha yake kwa ufupi. Ninayo pia sababu nyingine ya kuandika, nayo nitaitaja mwishoni.

Baden-Powell alizaliwa London mwaka 1857. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na miaka 3 tu, na mama yao Henrietta akabaki na kazi ya kulea. Kaka zake wakubwa ndio waliomfundisha mambo ya mashua, mahema na kupika nje.

Alipelekwa shule ya Charterhouse, na huko hakuwa hodari sana wa masomo. Karibu na shule palikuwa na msitu ambao wanafunzi walikatazwa kuuingia. Yeye aliuingia. Alijificha humo akitega sungura na kuwapika kwa moto mdogo usiotoa moshi, ili walimu wasimwone. Sisi tuliofundisha tunawajua watoto wa namna hiyo. Darasani anasinzia, lakini mtume nje ukaone akili aliyo nayo. Oxford hawakumpokea. Mwaka 1876 alifanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri sana, na kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa afisa India.

Jeshini alijulikana kwa kazi ya upelelezi: kusoma nyayo, kutembea usiku bila kupotea, kuona bila kuonekana. Aliwafundisha askari wake katika vikosi vidogo vidogo, na kila mmoja akapewa jukumu lake. Neno skauti lenyewe lina asili hiyo ya upelelezi.

Sasa inatupasa kusema na yale yasiyopendeza, maana historia si hadithi ya kumsifu mtu. Baden-Powell alikuwa askari wa dola iliyokuja Afrika kutawala. Alikuwa katika msafara wa mwaka 1895 hadi 1896 uliomkamata Prempeh, mfalme wa Waashanti, akapelekwa uhamishoni na asirudi kwao mpaka mwaka 1924. Mwaka huo wa 1896, katika vita vya Wamatabele, alikubali hukumu ya kumpiga risasi chifu Uwini, aliyekuwa mateka wake. Uchunguzi wa jeshi haukumtia hatiani, lakini damu ya Uwini haikuwa ya kwake kuimwaga.

Mwaka 1899 vita viliwaka Afrika Kusini kati ya Waingereza na Makaburu, naye akazingirwa katika mji mdogo wa Mafeking kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Hapo ndipo alipopata sifa kubwa kwao Uingereza. Yaliyosahauliwa katika shangwe zile ni kwamba Waafrika walioishi mjini humo, Wabarolong na wakimbizi, walishiriki ulinzi, na hata hivyo chakula walichogawiwa kilikuwa kidogo kuliko cha wazungu, na wengi walikufa njaa. Kijana mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, alikuwa mle mjini akiandika kumbukumbu za kila siku, na daftari lake lilipochapishwa mwaka 1973 watu walianza kuuona mzingiro ule kwa macho ya Mwafrika.

Katika mji huohuo Baden-Powell aliona jambo lililobadili maisha yake. Kwa kuwa askari walikuwa wachache, wavulana wa mji walipangwa katika kikosi cha kupeleka barua na ujumbe. Walifanya kazi hiyo huku mizinga ikilia, na hawakukimbia. Akatambua kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli na akaaminiwa, hukua mara moja mbele ya macho yako.

Aliporudi Uingereza alikuta kitabu chake cha upelelezi, alichowaandikia askari, kinasomwa na watoto. William Smith, aliyekuwa ameanzisha chama cha Boys' Brigade mjini Glasgow mwaka 1883, alimshauri akiandike upya kwa ajili ya wavulana. Hakukimbilia kalamu. Alitaka kwanza kujaribu. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, wengine wana wa matajiri kutoka shule za fahari, wengine watoto wa wafanyakazi. Aliwachanganya katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake mvulana. Walilala katika mahema, wakapika, wakafuata nyayo, na jioni wakakaa kuzunguka moto. Waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyotoka nayo Afrika. Wavulana wale, ambao kwao wasingeketi meza moja, walikula pamoja kwa muda wa wiki nzima.

Mwaka 1908 kitabu cha Skauti kilitoka kwa sehemu sita, moja kila baada ya wiki mbili, kwa bei ambayo hata mtoto wa maskini aliiweza. Yaliyofuata hakuyatazamia. Wavulana hawakungoja kuitwa. Walijiunga wenyewe katika vikosi mitaani na vijijini, kisha wakaanza kubisha hodi kwa walimu, makasisi na majirani wakitafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwaka 1909 walikusanyika London katika jumba la Crystal Palace, yapata 10,000, na miongoni mwao walitokea wasichana waliosema kwamba na wao ni maskauti. Kwa ajili yao chama cha Girl Guides kilianzishwa mwaka 1910, na dada yake Agnes akasaidia kukiongoza.

Mwaka huohuo wa 1910 Baden-Powell aliacha jeshi akiwa na cheo cha Luteni Jenerali na umri wa miaka 53. Hapa nakuomba msomaji usimame kidogo. Huo ndio umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu siku za pensheni na kuulizia bei ya ng'ombe wa maziwa. Kazi ambayo dunia inamkumbukia ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, wakapata watoto watatu, na mama huyo akawa mwenzake katika kazi, akiwaongoza wasichana.

Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 iliwaua viongozi wengi wa Skauti. Makundi yakabaki na watoto tu. Baden-Powell akaona kwamba chama kisipotunza viongozi kitakufa. Kwa hiyo mwaka 1919 ilifunguliwa kambi ya Gilwell Park karibu na London, mahali pa kuwafundisha watu wazima wanaojitolea. Waliomaliza mafunzo walipewa shanga mbili za mbao, zilizotoka katika mkufu wa Kizulu alioupata Afrika Kusini zamani. Ukimwona kiongozi wa Skauti leo na shanga shingoni, ujue hazikununuliwa dukani. Amezitolea jasho.

Mwaka 1920 maskauti wa nchi mbalimbali walikutana London kwa mara ya kwanza, wakamtangaza Baden-Powell kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Hata hivyo undugu huo haukuwafikia wote sawasawa. Afrika Kusini watoto weusi waliwekwa kando katika chama chao peke yao, na haikuwa mpaka mwaka 1977 vyama vya huko vilipounganishwa kuwa kimoja. Kanuni ilisema kila skauti ni ndugu wa skauti mwingine. Watu wazima ndio waliochelewa kuitii.

Nguvu zilipompungua alimkumbuka rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake na ambaye sasa alikuwa na hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Mwaka 1938 alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli hiyo, akaiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya amani, na hii ilikuwa ya pili. Huko alichora wanyama na ndege, akaandika barua nyingi, na akautazama mlima kila kulipokucha bila ukungu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Katika makaratasi yake ulikutwa ujumbe wa kuwaaga maskauti, ambamo aliwakumbusha kwamba furaha ya kweli huipata yule anayewafurahisha wengine. Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri na kuzikwa kaburini mwa mumewe. Nyumba ya Paxtu ikageuzwa makumbusho.

Mbegu haikufia Nyeri. Mwaka 1973 mkutano wa Skauti wa dunia nzima ulifanyika Nairobi, wa kwanza kufanyika Afrika, na mwaka 2010 vijana wa mataifa mengi walipiga kambi katika uwanja wa Rowallan. Leo duniani kuna maskauti zaidi ya milioni 50, wavulana kwa wasichana. Hapa Kenya wadogo kabisa huitwa Sungura, wakifuatwa na Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana wakubwa ni Jasiri. Wanapanda miti, wanajifunza huduma ya kwanza, wanasaidia wazee, wanaelekeza watu kwenye mikutano mikubwa.

Sasa nifikie ile sababu yangu ya pili. Watoto wa parishi yetu wanaotaka kuwa maskauti wapo. Wanaopungua ni watu wazima. Mwaka huu tena tumewaona wakitoka kwenda Nyeri, na nilipohesabu waliowasindikiza nikaona ni walimu wawili walewale wa miaka yote, mmoja wao akiwa karibu kuhama. Wakiondoka hao, kundi litavunjika, na Jumamosi za watoto wale zitamilikiwa na barabara na vijiwe.

Wengi hudhani kazi hii inahitaji kijana mwenye mbio. Si hivyo. Muuguzi aliyestaafu anaweza kufundisha kufunga jeraha. Fundi seremala anaweza kuonyesha namna ya kushika msumeno, na mkulima namna ya kuotesha miche. Aliyekuwa karani anaweza kutunza daftari la fedha, maana hata shilingi za watoto zinataka hesabu safi. Akina mama wanaweza kusimamia jiko la kambi, na akina baba pia, wasijifiche. Hakuna mshahara. Kuna mafunzo, na kwanza kabisa ni mafunzo ya usalama wa watoto, ambayo hakuna kiongozi anayeruhusiwa kuyakwepa. Kiongozi hakai faraghani na mtoto peke yake, na mzazi ana haki ya kuuliza lolote. Asiyekubali masharti hayo, kazi hii si yake.

Mimi binafsi niliahidi kusaidia mwaka juzi, nikasema nangoja magoti yapone. Magoti hayajapona, na watoto wawili niliowajua wakati ule wameshaacha kuja. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitakuwa uwanjani na kiti changu, kuwafundisha kufunga mafundo. Kwa kufunga mafundo magoti hayahitajiki.

Walio tayari kuungana nasi wamwone kasisi baada ya ibada ya Jumapili, ama wafike moja kwa moja uwanjani saa tatu asubuhi. Waje na kofia, maana jua la saa hizo ni kali.