Jamaa aliyegeuka kompyuta kwa penseli na karatasi

Ukishuka matatu Ayany jioni, si ajabu ukute vijana wawili wameinamia ubao wa drafti, vizibo vya soda vya mmoja vimetazama juu na vya mwenzake vimetazama chini, huku washauri wasioitwa wakipiga kelele kando. Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuwapiga wote hao. Ukiiwekea programu ya chesi, inamshinda hata bingwa wa dunia. Ila mmoja wa watu wa kwanza kuifundisha mashine chesi hakuwa na simu, na kompyuta ya kuendesha kanuni zake hakuipata.

Aliitwa Alan Turing. Alizaliwa London, Juni 23, 1912. Babake alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni India, kwa hivyo Alan na kakake waliachwa Uingereza walelewe na watu wengine. Kama umekulia kwa shangazi huku wazazi wakihangaika mbali, hilo huhitaji kuelezwa. Mwaka 1936, kabla hajafika miaka 25, aliandika kuhusu mashine moja inayoweza kufanya hesabu yoyote ile mradi ipewe maagizo. Hiyo ndiyo mbegu ya kompyuta unayoijua.

Vita vya Pili vilipoanza alipelekwa Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua ujumbe wa Wajerumani. Kazi hiyo ilifika hadi kwetu. Mwaka 1942 Waingereza waliokuwa wakifumbua ujumbe wa Wajapani walihama Colombo wakaja Mombasa, wakafanyia kazi katika shule ya Allidina Visram, karibu na bahari. Turing mwenyewe hakuja, lakini ukipita pale tena, angalia yale majengo vizuri.

Bletchley ilijaa mabingwa wa chesi. Turing hakuwa mmoja wao. Walimchapa bila huruma. Labda ndiyo sababu alijiuliza: kucheza vizuri ni nini hasa? Mwaka 1948, yeye na rafiki yake David Champernowne waliandika kanuni. Askari wa mbele alipewa pointi 1, farasi 3, ngome 5, malkia 10. Angalia kila hatua unayoweza kucheza, angalia mpinzani atajibu vipi, jumlisha, kisha chagua penye faida. Mwaka 1952 alicheza na Alick Glennie, yeye Turing akiwa ndiye kompyuta, akipiga hesabu kwa penseli. Hatua moja ilichukua kama nusu saa. Kompyuta hiyo ya karatasi ilishindwa baada ya hatua 29.

Wazo lenyewe lilikuwa sawa, mashine tu ndizo zilikuwa bado. Lakini kuna mchezo mwingine ambao Turing aliupenda na hata kumfundisha mwenzake Jack Good: Go, wa kutoka Uchina. Hapo zile pointi hazina kazi. Vijiwe vyote ni sawa, kama vizibo. Hakuna malkia. Unaweka kimoja kimoja ukizungushia eneo, yaani kama mtu anayeweka ua wa plot huku jirani naye akiweka wake. Nani anaongoza? Huwezi kuhesabu, kwa sababu ua haujafungwa bado.

Halafu kuna wingi. Kwenye chesi, mchezaji wa kwanza ana hatua 20 za kuchagua. Kwenye Go ana 361. Kila mmoja akishacheza mara moja, chesi imefika njia 400. Go imefika 129,960. Kujaribu zote ni kama kutafuta nyumba ya mtu Kibera kwa kubisha kila mlango. Mtoto aliyezaliwa hapo hafanyi hivyo. Amepita vichochoro mara nyingi, anajua tu.

Cha kushangaza ni kwamba Turing aliiona hata njia hiyo. Mwaka 1950 aliandika kwamba badala ya kuijaza mashine akili ya mtu mzima, ni afadhali utengeneze iliyo kama mtoto, kisha uifunze. Mimi naona wazo hili ni kubwa kuliko ile chesi yote.

Hakupata muda wa kulifuata. Mwaka 1952 mahakama ilimhukumu kwa uhusiano wake na mwanamume, jambo lililokuwa kosa Uingereza. Ili asifungwe, alikubali kutiwa homoni mwilini. Juni 7, 1954 alikufa kwa sumu ya sayanaidi, akiwa na miaka 41. Msamaha wa Malkia ulikuja mwaka 2013.

Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov kwa kuchungulia hali milioni 200 za ubao kila sekunde. Hesabu tupu. Go ilingoja miaka 19 zaidi. AlphaGo ilitazama mechi za watu, kisha ikacheza na yenyewe mamilioni ya mara, na Machi 2016 ikamshinda Lee Sedol 4-1 jijini Seoul. Ni yule mtoto wa Turing, amefunzwa.

Zile kanuni za karatasi nazo zilipata kompyuta hatimaye. Mwaka 2012, miaka 100 tangu azaliwe, Kasparov alicheza nazo mjini Manchester. Alizimaliza kwa hatua 16, na safari hii hakuna aliyesubiri nusu saa.