Askofu aliyeketi kusikiliza hadithi za paa na kima



Mwezi mzima uliopita sikugusa kitabu kizito. Nilisoma hadithi tu, tena nyingi za watoto. Nilianza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye ndugu waliogeuzwa manyani, nikaja Hekaya za Abunuwasi, kisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, iliyotafsiriwa mwaka 1940. Nikamalizia na mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870, nao ndio ulionichelewesha kulala siku nyingi. Nilisoma kwa sababu niliombwa. Hapa kwetu Mabatini kuna boksi la vitabu vya hadithi lililoletwa kwa watoto wa shule ya Jumapili, na limezua ubishi. Wazazi wengine wanasema vitabu vyenye majini, wachawi na wanyama wanaosema havina nafasi katika nyumba ya Mungu. Wengine wanasema mtoto asiyezoea kusoma hadithi hataizoea Biblia. Basi nikaambiwa, mwalimu, visome wewe kwanza, utuambie.

Nimevisoma, na jibu langu ni maisha ya mtu aliyeukusanya ule mkusanyo wa Unguja. Mtu huyo hakuwa msimuliaji wa barazani wala mfanyabiashara wa vitabu. Alikuwa askofu. Jina lake Edward Steere.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1850, akiwa kijana wa miaka 22. Pembeni alijifunza kazi ya kupiga chapa: kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino na kukandamiza karatasi. Wakili mwenye vidole vyeusi vya wino ni kitu cha kuchekesha kidogo, lakini ukiniuliza mimi, kazi ile ya mikono ilikuja kumfaa kuliko shahada. Uwakili haukumtosha. Mwaka 1856 akawekwa wakfu kuwa shemasi, na mwaka 1858 kasisi. Alitumika huko Skegness, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, kati ya wavuvi na wakulima, nao walimpenda kwa sababu hakuona haya kukunja mikono ya shati na kufanya kazi. Wavuvi wa Ziwa letu wangemwelewa. Baadaye akapewa parokia ndogo ya kijiji cha Little Steeping. Angeweza kuzeekea pale.

Lakini alikuwa na rafiki, William Tozer, aliyechaguliwa kuwa askofu wa misheni changa ya vyuo vikuu katika Afrika ya Kati. Mwaka 1863 Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, mwaka mmoja au miwili, kisha arudi kwake. Mkewe alibaki Uingereza. Walikwenda kwanza upande wa mto Shire, kwenye mlima wa Morumbala, mahali pa ukungu na homa, na kazi haikushika mizizi. Mwaka 1864 wakahamia Unguja. Wengine waliwasema kwamba wamekimbia. Mimi naona Mungu aliwapeleka mahali palipokuwa na lugha.

Unguja ya siku hizo ilikuwa na soko la watumwa lililo wazi, watu wakiuzwa mchana kweupe. Muda mfupi baada ya kufika, misheni ilikabidhiwa na Sultani Majid wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Fikiria hali ile. Watoto watano waliotekwa mbali na makwao, wamekabidhiwa kwa Wazungu wawili wasiowajua, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Huko Mombasa, Krapf na Rebmann walikuwa wamekwisha kuanza kazi ya kukiandika Kiswahili, lakini vitabu vya kumwezesha mgeni kusema na mtoto mwenye hofu vilikuwa haba mno.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mtu mwenye haraka ya kuhubiri angeitafuta lugha kwenye orodha ya maneno, akajifunza neno la Mungu, neno la dhambi, neno la toba, akapanda mimbarini. Steere alifanya kazi ya orodha, kweli, na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870 kilitumika kwa miaka mingi. Lakini aliketi pia na watu wa Unguja akawasikiliza wakisimulia hadithi zao, akaziandika kama walivyozitamka. Mwaka huohuo wa 1870 zikatoka kitabuni, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaouelekea. Jalada linawataja wasimulizi kwa jumla tu, wenyeji wa Unguja. Ni pungufu ambalo bado linaniuma, maana kila hadithi ilikuwa na kinywa chake.

Na ni hadithi gani alizoandika askofu huyu wa baadaye? Yumo nunda mla watu, aliyeanza kama paka wa kawaida akila mifugo, akaachwa na sultani kwa kuwa ni paka wake na mifugo ni yake, mpaka akaanza kula watu. Yumo kima aliyepanda mgongoni mwa papa, na alipoambiwa katikati ya bahari kwamba moyo wake ndio dawa ya sultani mgonjwa, akajibu kwamba makima huacha mioyo yao mitini wanapotembea, basi warudi wakauchukue. Yumo mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu chini ya mti akifundisha, na wanafunzi wake wakamtafuta mwuaji kutoka upepo hadi ukuta, kutoka ukuta hadi panya, kutoka panya hadi paka, mlolongo mrefu ambao watoto wangu wawili sasa wanaukariri wakiosha vyombo.

Iliyonishika zaidi ni ya Sultani Darai. Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani kama kuku, akitafuta punje za kula. Akaokota thumuni, akaacha kununua chakula, akanunua paa mdogo. Paa yule alikuwa na maneno. Akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa mbali, akamwombea bwana wake mke, akamwita bwana wake Sultani Darai. Kisha akapigana na nyoka mwenye vichwa saba, akamuua, akampa bwana wake nyumba ya nyoka na mali yote. Halafu paa akaugua. Alimtuma kizee kwa bwana wake mara kadhaa kuomba angalau uji mzuri, naye bwana akaona ni usumbufu, akaagiza apikiwe kilicho duni. Mnyama wa thumuni tu, ana haki gani? Paa akafa kwa huzuni, akatupwa kisimani. Usiku ule mke aliota yuko kwa baba yake, akaamka akajikuta yuko huko kweli. Bwana naye aliota anachakura jaani, akaamka yumo jaani, vumbi mikononi.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kukosa shukrani. Machache yamenifanya nifunge kitabu nikae kimya kama ukurasa ule. Na ukiuliza kama paa kusema ni uongo usiofaa kwa Mkristo, fungua Waamuzi sura ya 9, usome jinsi Yothamu alivyosimama juu ya mlima akawasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotafuta mfalme, hata mti wa miiba ukajibu. Nathani naye alipotaka kumfikia Daudi hakuanza na shitaka. Alianza na kondoo mdogo wa maskini. Daudi aliyeweza kuzuia shitaka hakuweza kuizuia hadithi.

Steere hakuziona hadithi hizo kuwa adui wa Injili, wala hakuzichuja majini yake yote kwanza. Hata kabla ya mkusanyo ule, mwaka 1867, mtambo wa chapa wa misheni pale Unguja ulitoa kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza, chenye hadithi nne kutoka katika tamthilia za Shakespeare, kama Charles na Mary Lamb walivyozisimulia upya kwa ajili ya watoto. Vijana wa misheni walifundishwa kupanga herufi wenyewe. Kijana aliyewahi kuhesabiwa kuwa bidhaa akapanga kwa mkono wake habari za Mfalme Lear na binti zake! Sijui chuo kingapi kingeweza kumpa mtu heshima kubwa kuliko hiyo.

Na kutoka meza ileile ya chapa na masikio yaleyale ndiyo yalitoka Maandiko. Injili ya Mathayo ilichapishwa mwaka 1869, na kabla hajafa alikuwa amelikamilisha Agano Jipya. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wanaozungumza, kwa kuwa alikipata kwa watu wanaozungumza. Kilifika hata huku kwetu. Alexander Mackay alipopita Kageye, hapa kwenye ghuba ya Speke, mwaka 1878 akielekea Buganda, alibeba sehemu za Maandiko kwa Kiswahili, akazisoma mbele ya Kabaka Mutesa na baraza lake. Lugha iliyonolewa kwa hadithi za kima na papa ikavuka Ziwa Viktoria ikiwa na habari za Yesu.

Mambo mengine ya maisha yake yanajulikana zaidi, nitayapitia haraka. Soko la watumwa lilifungwa mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale Mkunazini. Mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika Abasia ya Westminster. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi mji wa Mataka, katika nchi ya Wayao, na mwaka 1876 akalipeleka Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani. Kanisa la Mkunazini alilisimamia mwenyewe kama fundi mkuu. Paa lake ni tao moja la matumbawe na saruji, na wengi waliona wazi kwamba litaanguka mara nguzo za mbao zitakapoondolewa. Ziliondolewa. Lipo hadi leo. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa jahazi.

Nimewaambia wenzangu wa Mabatini kwamba kwa maoni yangu vitabu vile vibaki, na kwamba mtu mzima akae na watoto wakati wa kusoma, acheke nao, aulizwe maswali. Kimoja tu nimekitoa, kwa sababu kurasa zake zimeliwa na mchwa.

Mwaka 1882 Steere alikwenda Uingereza, akarudi Unguja mwezi Agosti. Siku chache baada ya kushuka melini, tarehe 27 Agosti, alifariki, akiwa na umri wa miaka 54. Walimzika nyuma ya altare, ndani ya kanisa alilolijenga. Paa wa Sultani Darai aliendelea na safari. Mwaka 1901 aliingia katika kitabu cha hadithi za watoto cha Andrew Lang huko Uingereza, pamoja na nunda mla watu, na mwaka 1910 kima mwenye moyo mtini akawafuata.