Burt Munro: Buda Aliyetuni Nduthi Moja Miaka 47 Bila Kompyuta

Najua wewe na mbogi yako mnapiga stori za kutuni Subaru. Umewatch video kadhaa, umepata programu ya kuingia kwa kompyuta ya injini, waya iko njiani, na sasa unangoja tu wikendi uanze kuchezea mafuta na taimingi. Poa sana. Lakini kabla uwashe hiyo laptopu, wacha nikupe stori ya buda mmoja wa New Zealand anaitwa Burt Munro.

Munro alizaliwa 1899 huko Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Mwaka wa 1920 akanunua nduthi mpya, Indian Scout kutoka Marekani, injini cc 600. Ikitoka dukani ilikuwa inagonga kama kilomita 89 kwa saa. Siku hizo hiyo ilikuwa moto. Msee mwingine angeosha nduthi yake apige nayo raundi mtaani. Yeye alianza kuifungua.

Mchana alikuwa anauza na kutengeneza pikipiki za watu. Usiku anarudi kwa mashine yake. Doh ya spea spesheli hakuwa nayo, kwa hivyo alijitengenezea. Pistoni aliyeyusha chuma mwenyewe akamimina, mara ingine akitumia mikebe ya zamani. Koni rodi alichonga kwa mkono kutoka kwa ekseli ya trekta. Cha kupimia kilikuwa kipande cha spoki ya gurudumu. Baadaye aliacha kazi kabisa, akahamia kuishi ndani ya gereji na hiyo nduthi.

Sasa, usidhani mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Injini ilikuwa inalipuka kila saa. Pistoni zinayeyuka, rodi zinakatika, anaanza upya. Na hapa ndio nataka uskize: vyuma vilivyovunjika hakutupa. Alivipanga kwa shelfu, akaandika kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa spidi. Kila siku akiingia gereji, makosa yake yanamwangalia usoni.

Test alikuwa anafanyia ufuoni, Oreti Beach. Aliweka pia rekodi za spidi za New Zealand. Lakini ndoto yake ilikuwa Bonneville, lile uwanja la chumvi huko Utah, Marekani, penye watu huenda kusaka rekodi za dunia. Alifunga safari hadi huko mara kadhaa. 1962 akaweka rekodi ya daraja la cc 883, karibu kilomita 288 kwa saa. 1966 akarudi na rekodi nyingine.

Halafu ikafika Agosti 1967. Buda ana miaka 68. Nduthi ina miaka 47. Injini ameipanua hadi kama cc 950, na juu yake ameweka bodi ndefu ya kukata upepo. Kwa rekodi lazima ukimbie kwenda na kurudi, halafu wanachukua wastani. Wastani wake ulitoka zaidi ya kilomita 295 kwa saa, rekodi ya dunia ya chini ya cc 1000. Na kwa mbio ya kufuzu alikuwa ameshagonga kilomita 305. Mashine iliyoanzia 89, msee!

Munro alikufa Januari 1978. Mwaka wa 2005 wakamtolea filamu, Anthony Hopkins akiigiza kama yeye.

Rudi sasa kwa Subaru yako. Wewe una kitu Munro hakuwahi kuwa nacho: kompyuta inakuonyesha joto, hewa na mafuta vikiingia, na hata injini ikianza kugonga. Yeye alijua pistoni imeumia baada ya kuifungua. Lakini laptopu haikuepushi na hesabu ya chuma. Ukipunguza mafuta sana na turbo inasukuma hewa, silinda inapata joto jingi. Ukiwasha spaki mapema kupita kiasi, mchanganyiko unalipuka vibaya na pistoni inapigwa kama ngoma. Hiyo faili umepewa bure kwa WhatsApp iliandikwa kwa injini ingine, na petroli ingine. Ukiiweka tu hivyo, unabahatisha na injini ambayo pengine mathe amekukopea.

Kwa hivyo anza pole pole. Weka kopi ya seti za kiwanda kwanza, ndio kukiwa na ngori urudi nyuma. Badilisha kitu kimoja, rekodi, soma, halafu ndio uguse kingine. Rekodi mbaya usifute, hiyo ndio shelfu yako. Na test fanyia mahali pa haki, si Thika Road usiku.

Kuna kitu kimoja nimekuwekea mwisho. Mwaka wa 2014, miaka 36 baada ya Munro kuzikwa, mtoto wake John aligundua kuwa waliohesabu wastani wa 1967 walikosea. Wakapiga hesabu tena, ikatoka zaidi ya kilomita 296 kwa saa. Buda aliongezewa spidi akiwa kaburini, kwa sababu kuna msee aliangalia namba mara ya pili. Zako pia angalia mara ya pili, kabla uwashe.