Mtakatifu Louise de Marillac, Msimamizi wa Wahudumu wa Jamii

Louise de Marillac alizaliwa nchini Ufaransa tarehe 12 Agosti 1591, nje ya ndoa. Mama yake hakumjua kamwe. Baba yake, mtu wa ukoo mkubwa, alifariki dunia kabla binti hajatimiza miaka 13. Mwaka 1613 aliolewa na Antoine Le Gras, katibu wa Malkia Marie de Médicis, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mumewe aliugua kwa muda mrefu, akafariki mwaka 1625.

Kiongozi wake wa kiroho, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, alikuwa amekwisha kuanzisha vyama vya upendo maparokiani, ambamo walei waliwahudumia wagonjwa fukara. Mwaka 1629 alimtuma Louise kuvikagua. Mjane huyo alisafiri kijiji hadi kijiji, akipitia hesabu na kuuliza wagonjwa wanatembelewaje. Huruma aliikuta, utaratibu mara nyingi haukuwepo. Mjini Paris mabibi wa koo bora waliahidi kuwapelekea maskini chakula, kisha baadhi yao wakawatuma watumishi.

Basi tarehe 29 Novemba 1633 aliwapokea nyumbani kwake wasichana wachache wa mashambani, ndio mwanzo wa Shirika la Mabinti wa Upendo. Hapa ndipo ukubwa wake unapoonekana zaidi, kwa maana hakuridhika na moyo wao mwema. Aliwafundisha sala, kusoma na kuandika, kuwauguza wagonjwa, kutayarisha dawa, na kumheshimu maskini wanapoingia chumbani mwake. Wala hawakufungiwa ndani ya kuta za monasteri, jambo geni kwa wanawake waliojitoa kwa Mungu wakati ule.

Mwaka 1638 walianza kuwatunza watoto wachanga waliotupwa mitaani Paris, ambao wengi wao walikuwa wakifa. Wengine walikabidhiwa kwa wanawake wa vijijini waliolipwa ili wawanyonyeshe, na masista wakawazungukia kuona kama kweli wanatunzwa. Ni vigumu kutokumbuka hapa kwamba Louise mwenyewe hakulelewa na mama.

Alifariki tarehe 15 Machi 1660. Vinsenti alimfuata mwezi Septemba. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1934, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimweka awe msimamizi wa wote wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 9 Mei.