BI. OSEOLA McCARTY: DOBI ALIYESOMESHA WATOTO WA WENZIWE

Ndugu wanachama na wapenzi wa kikundi chetu, miaka kumi si mchezo. Tulianza na sanduku moja lenye kufuli tatu, daftari la mistari na hofu nyingi, na leo tunasherehekea. Lakini wakati wa kuandaa sherehe hii lilizuka jambo ambalo kamati haikupenda lipite hivi hivi. Ilitolewa hoja kwamba kuanzia mwaka huu, kabla hatujagawana faida, tutenge fungu la kuwasaidia mabinti wa mtaani kwetu wanaoacha shule kwa kukosa sare, madaftari na nauli. Baadhi yetu tuliunga mkono papo hapo. Wengine tukanung'unika: jamani, sisi wenyewe ni watu wa kununua hisa moja moja, wauza vitumbua na mchicha, tangu lini maskini akawa mfadhili? Mwenzetu mmoja alisema kwa upole kabisa kwamba yeye hana cha kutoa ila dua.

Hoja hiyo itapigiwa kura siku ya kilele. Kabla ya kura, tumeona tuwasimulie maisha ya mama mmoja wa mbali, ambaye kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Tukishamsoma, kila mmoja ataamua mwenyewe.

Bi. Oseola McCarty alizaliwa tarehe 7 Machi 1908 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alilelewa katika mji wa Hattiesburg, kwenye nyumba ya wanawake watupu: bibi yake, mama yake na shangazi yake. Mama alikuwa mpishi kwenye nyumba za watu. Bibi alikuwa dobi. Mtoto Oseola akirudi shule alikuta nguo zinamngoja, akashika pasi. Vijisenti alivyopewa hakuvimaliza kwenye peremende. Alivificha ndani ya kigari cha mwanasesere wake, na hicho ndicho kilichokuwa kibubu chake cha kwanza.

Alipofika darasa la sita, shangazi yake aliugua sana. Alipotoka hospitali hakuweza kutembea wala kujihudumia, na ndani ya nyumba kila mtu mzima alikuwa na kibarua kinachowalisha. Nani abaki na mgonjwa? Alibaki mtoto. Oseola aliacha shule akamuuguza shangazi yake. Shangazi alipopata nafuu, wenzake Oseola walikuwa wamekwisha songa mbele, naye akaona haya kurudi kuketi na wadogo. Hakurudi tena darasani maisha yake yote. Akina mama, hapa hatuhitaji mkalimani. Kila mmoja wetu anamjua binti wa namna hiyo, na wengine wetu ndio sisi wenyewe.

Basi akawa dobi kama bibi yake. Tusiidharau kazi hiyo, maana alikuwa fundi hasa. Alikuwa akiamka mapema, anakoka moto chini ya sufuria kubwa uani, anachemsha nguo, anazisugua kwenye ubao wa kufulia, anasuuza, anapiga wanga, anaanika kwenye kamba ndefu, kisha anapiga pasi hadi usiku. Katika miaka ya 1960 alinunua mashine ya kufulia na ya kukaushia. Alizijaribu, akaona hazitakatishi nguo kama apendavyo, akazigawa na kurudi kwenye ubao wake. Mzigo wa nguo za familia nzima kwa wiki aliulipwa dola 1 na nusu au 2 katika miaka ya mwanzo. Baada ya Vita Kuu ya Pili malipo yalipanda, lakini utajiri haukuonekana hata kwa mbali.

Sasa tuje kwenye akiba, maana hapo ndipo kikundi chetu kinapomtambua kuwa ni mwenzetu. Kigari cha mwanasesere kilipozidiwa, alizipeleka fedha benki. Kila alipolipwa alipeleka kidogo, na alipokwisha kuweka hakuzigusa. Hakuwa na elimu ya mahesabu makubwa, ila alisikiliza. Wafanyakazi wa benki walimweleza jinsi fedha iwekwayo kwa muda maalumu inavyozaa, na kile inachozaa nacho kinazaa. Akaelewa, akaziacha zikae. Bibi yake alifariki mwaka 1944, mama yake mwaka 1964 na shangazi yake mwaka 1967. Kidogo walichomwachia nacho alikiweka akiba. Nyumba aliyoishi alipewa na mjomba wake mwaka 1947, kwa hiyo hakuwa na mzigo wa kodi ya pango.

Maisha yake yalikuwa ya chini kabisa. Hakuolewa, hakujaliwa mtoto, hakuwahi kumiliki gari. Sokoni alikwenda kwa miguu zaidi ya maili moja, akisukuma kigari cha bidhaa. Viatu vikimbana alivikata mbele ili vidole vipumue. Biblia yake ilipochakaa aliibandika kwa gundi ya karatasi, kurasa zisidondoke. Joto la Mississippi ni kali, lakini kipoza hewa alichonunua baadaye alikiwasha wageni wanapokuja. Jumapili alikwenda kanisani kwake, Friendship Baptist, na sadaka yake mkononi. Majirani walimjua kuwa ni mama mcha Mungu anayefua nguo vizuri. Cha zaidi hawakukijua.

Ni lazima pia tuseme aliishi katika nchi ya namna gani. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, jimbo la Mississippi lilitenga watu weusi na weupe kwa sheria: shule mbalimbali, viti mbalimbali, hata mabomba ya maji ya kunywa mbalimbali. Pale pale Hattiesburg palikuwa na chuo kikuu, University of Southern Mississippi, lakini kilikuwa cha weupe peke yao. Wanafunzi weusi wa kwanza walipokelewa mwaka 1965, wakati Bi. Oseola ana umri wa miaka 57. Yaani hata kama shangazi yake asingeugua, na hata kama angemaliza shule kwa alama za juu, mlango huo ungefungwa mbele ya uso wake. Chuo kilikuwa jirani, lakini kwake kilikuwa mbali kama mwezi.

Mwishoni mwa mwaka 1994, akiwa na miaka 86, mikono ilikataa. Baridi yabisi ilimwingia vidoleni, ubao wa kufulia akauweka chini. Alikuwa amefanya kazi kwa zaidi ya miaka 70. Watu wa benki, wakiona umri umekwenda, walimwuliza fedha zake angependa ziende wapi atakapokuwa hayupo. Akiba yake ilikuwa imezidi dola 250,000.

Ofisa wa benki alitafuta njia ya kumrahisishia jambo hilo. Aliweka mezani sarafu kumi za senti kumi kumi, akamweleza kwamba kila sarafu ni sehemu moja ya kumi ya mali yake yote, azipange atakavyo. Bi. Oseola hakubabaika. Sarafu moja aliitenga kwa ajili ya kanisa lake. Sarafu tatu alizitenga kwa jamaa zake watatu, kila mmoja yake. Zikabaki sita. Hizo sita alizisogeza pamoja zikawa za chuo kile kile cha Hattiesburg, zisomeshe vijana wasio na uwezo, hasa wale weusi ambao zamani hawakuruhusiwa kuingia.

Tuutazame mgao huo vizuri, maana una hekima. Hakuwasahau ndugu. Hakulisahau kanisa. Lakini pia hakungoja wote hao washibe kwanza ndipo mtoto wa mtu mwingine akumbukwe. Kila fungu lilitajwa mapema na kuwekwa mahali pake. Mwanasheria, ambaye Bi. Oseola aliwahi kumfulia nguo, alimsaidia kuandika mkataba ili fedha zimtunze yeye kwanza kwa muda wote atakaoishi, ndipo zilizobaki zifuate mgao. Hapo tunaona alitoa kwa moyo, lakini hakutoa kwa upofu.

Habari zilitangazwa mwaka 1995: dola 150,000 kwa chuo, kutoka kwa dobi. Mji ulishangaa. Wafanyabiashara wa Hattiesburg walichanga kiasi kama hicho ili watoto waanze kusomeshwa mara moja, mama mwenyewe aone kwa macho yake. Watu wengine zaidi ya 600 wakaleta chochote. Mwaka huo huo binti wa kwanza wa mji ule akapata dola 1,000 za masomo, na Bi. Oseola akampokea kama mjukuu. Yule aliyeacha shule darasa la sita sasa alikuwa na mjukuu wa chuo kikuu.

Heshima nazo zilimfuata. Rais Bill Clinton alimvisha nishani ya taifa mwaka 1995. Mwaka 1996 chuo kikuu cha Harvard kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, na mwaka 1998 chuo cha mjini kwake nacho kilimtunuku shahada ya heshima. Alialikwa huku na huku, akasafiri kwa ndege, akapeana mikono na wakubwa. Nyumbani aliendelea kuishi katika nyumba yake ile ile. Alifariki tarehe 26 Septemba 1999 kwa maradhi ya saratani ya ini, akiwa na miaka 91. Fedha zilikwenda kama alivyopanga.

Kamati haitaki kumpamba Bi. Oseola kupita kiasi. Wapo watakaouliza, na wana haki: je, ni vizuri mama ajinyime hivyo, akate viatu na kuvumilia joto, ilhali ana fedha benki? Hata sisi tuliulizana. Hatutaki mwanachama wetu ashinde njaa ili asifiwe kitabuni. Wengine watasema kwamba kusomesha watoto ni wajibu wa serikali, na sisi hatupaswi kuufuta wajibu huo kwa vijisenti vyetu. Hilo nalo ni kweli. Dobi mmoja hakuweza kulipia dhambi ya jimbo zima lililowafungia watu milango.

Lakini yako mambo mawili ambayo hatuwezi kuyakwepa. La kwanza, Bi. Oseola hakutoa masazo. Masazo hayapo kwa mtu anayefua nguo. Alitoa fungu, na fungu hutengwa kabla ya kula. Sisi tukisema tutasaidia kikibaki, tunajua wenyewe kwamba hakibaki: kuna msiba, kuna harusi, kuna dirisha la kuweka, kuna Idi na Krismasi. Hoja iliyo mbele yetu inaomba senti ngapi, hilo tutalijadili. Swali kubwa ni kama zitengwe mwanzo au zingojwe mwisho.

La pili, yeye alikuwa peke yake. Ilimchukua maisha yake yote, na binti wa kwanza alinufaika wakati mama ana miaka 87. Sisi tuko wengi. Tunaketi kila wiki, tunahesabiana mbele ya sanduku, tunajuana mpaka watoto wetu. Mtu mwenye hisa moja, akiweka hisa hiyo pamoja na ya mwenzake, hawezi tena kusema hana kitu. Dua ya mwenzetu tuliyemtaja mwanzo tunaipokea kwa mikono miwili. Tunamwomba tu azitazame zile sarafu sita, kisha aitazame hisa yake, na asijihesabu tena kuwa hayumo.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tumeyasikia maneno hayo tangu utoto mpaka masikio yameyazoea. Maisha ya mama huyu yameyafufua. Aliyenyimwa shule ndiye aliyelipa ada, na chuo kilichomfungia mlango ndicho kilichopokea jasho lake.

Siku ya kilele, sanduku likifunguliwa, kila mwanachama ainue mkono kwa kadiri dhamiri yake inavyomtuma. Atakayekataa hatutamnunia, bado ni mwenzetu. Ila sote tukumbuke kwamba pale mtaani yupo binti aliyebaki nyumbani leo kumwuguza mtu, na hesabu yake haiwezi kungoja miaka 70.

Mwenyezi Mungu amlaze Bi. Oseola McCarty mahali pema peponi, na atujalie miaka kumi mingine ya kufaana.

Ni sisi, kamati ya maandalizi ya kitabu hiki.