Edwin Armstrong: Aliyeifumbua Siri ya Valvu

Wazee wetu waliokuwa na redio za valvu wanakumbuka subira ya kungoja chombo kipate moto ndipo sauti itoke. Ndani ya valvu hizo mlikuwa na siri ambayo hata aliyezibuni hakuifahamu barabara. Aliyeifumbua ni Edwin Howard Armstrong, mzaliwa wa New York mwaka 1890.

Tangu ujanani aliipenda redio mno, na nyumbani kwao Yonkers alisimamisha mlingoti mrefu wa kunasia mawimbi. Valvu yenye gridi ilikuwa imebuniwa na Lee de Forest mwaka 1906. Armstrong, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, hakutaka kubahatisha. Mwaka 1912 aligundua njia ya kuyarudisha mawimbi ndani ya valvu yapate nguvu zaidi, na mwaka 1914 akaeleza kwa michoro jinsi volti ndogo ya gridi inavyoutawala mkondo wa umeme.

Gridi ni kama bawabu mlangoni. Ikipewa volti hasi kwa kipimo chake, mkondo hupita kwa utaratibu. Volti hiyo ikipungua mno, valvu hupata moto hata bamba lake likawa jekundu. Ikizidi, sauti huharibika. Ndiyo maana fundi wa redio za ridhaa hupanga kipimo hicho kwanza, kabla ya kurusha.

Desemba 1921 Armstrong na wenzake, bila malipo, walijenga kituo cha 1BCG huko Greenwich, Connecticut. Valvu moja ilizalisha mawimbi, tatu zikayaongeza nguvu, na ishara zao zikanaswa Ardrossan, Scotland, ng'ambo ya Atlantiki.

Lakini elimu hiyo ilimletea kesi. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa de Forest haki ya ugunduzi ule wa 1912. Armstrong alikwenda kuirudisha nishani aliyopewa na chama cha wahandisi wa redio, nao wakakataa kuipokea, kwani walijua nani aliyefahamu kazi ile.

Armstrong ndiye pia aliyetuletea FM, aliyoipatia haki za uvumbuzi mwaka 1933. Kesi nyingine zikafuata, zikammaliza mali na moyo, na mwaka 1954 akajitoa uhai. Mjane wake, Marion, hakuziacha kesi hizo. Alishinda ya mwisho mwaka 1967, mumewe akiwa kaburini miaka 13.